Barua ya wazi juu ya dawa ya mifupa isiyoagizwa

Kwa Mheshimiwa mwenye amana ya kutuagizia dawa katika jimbo letu la Haut-Lomami,

Mama yangu mzazi, aliyetulea kwa kulima mihogo na kuibeba kichwani hadi sokoni Kabongo, leo hatembei. Nyonga yake ilivunjika alipojikwaa kizingitini. Na lau ingekuwa kadari tupu ningesubiri na kunyamaza, lakini mwaka uliotangulia picha ilikwisha kuonyesha pingili ya uti wa mgongo wake imebonyea, na daktari, ambaye simlaumu, akatamka bayana kwamba mifupa imedhoofu, na kwamba dawa yake ipo duniani ila ghala la dawa halimpi. Akampa mama vidonge vya maumivu. Mama hatembei.

Wajua, Mheshimiwa, kwamba mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na kwamba mwanamke akikoma hedhi ubomozi huushinda ujenzi. Alendronati, dawa ambayo hushikamana na mfupa na kuzidhoofisha chembe zinazoubomoa, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Na mwaka 1996 yakatangazwa matokeo ya wanawake 2,027 waliokuwa na pingili zilizovunjika, sawa na mama yangu, ambapo kwa muda wa miaka 3 hivi waliomeza dawa walivunjika nyonga kwa kadiri ya nusu tu ya wenzao. Ni kidonge kimoja kwa wiki, kwa maji matupu kabla ya kula, na kukaa wima nusu saa. Hataza yake ilikwisha zamani, viwanda vingi huitengeneza, wala haihitaji jokofu. Njia iliyoleta vidonge vya maumivu kutoka Kamina ingeileta na hiyo. Hakuna aliyeiagiza, na mama hatembei.

Shamba limekuwa pori, na mdogo wangu ameacha shule ili amwuguze.

Nimejibiwa kwamba ni uzee tu. Jibu hilo lanighadhibisha, kwa kuwa ndilo wanalopewa wanawake wa nchi hii, waliozaa na kunyonyesha na kubeba mizigo tangu utoto, wapelekapo macho yao, mioyo yao na mifupa yao kutafuta tiba, kana kwamba dola ilikuwa na haja nao siku za nguvu zao peke yake.

Nataka alendronati iingizwe katika maagizo ya jimbo, na kila mzee aliyevunjika pingili au nyonga kwa mwanguko mdogo atibiwe bila kungojea mashine ya kupima mifupa, maana mvunjiko wenyewe ni ushahidi. Kwa wasioweza kukaa wima, kama mama sasa, iko asidi ya zoledroniki, hutiwa mshipani mara moja kwa mwaka, ambayo mwaka 2007 ilidhihirika kupunguza mivunjiko mipya, na hata vifo, kwa watu waliopasuliwa nyonga zilizovunjika. Nyonga ya pili ya mama ingali nzima, daktari yu tayari kumtibu, na jibu lako nalitaka kwa maandishi.

Mkaazi wa Kabongo