Sauti ya Kutisha Tunayo, Iko Ghalani London

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu nilikuwa natengeneza gemu ndogo ya simu: mvuvi anavuka mto Tana usiku, na majini kuna kitu. Kodi imekamilika, nikabaki na tatizo la sauti.

Mimi ni mpenzi wa tamthilia za kale za sayansi ya kubuni, hivyo nilikimbilia The Twilight Zone. Mwaka 1959 Bernard Herrmann aliitungia muziki wa ufunguzi kwa okestra. Msimu wa pili ukaja ule wa Marius Constant, gitaa linalorudia noti nne mpaka unakosa raha. Cha kuchekesha, Constant hakuutunga kwa ajili ya kipindi hicho. CBS waliunganisha vipande viwili vifupi kutoka maktaba yao ya muziki, kama sisi tunavyochukua kodi iliyokwisha kuandikwa!

Nami nikaunganisha fidla zangu za kompyuta, nikampelekea mjomba wangu kule Garsen. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, hiyo inatisha Wazungu. Hujasikia habari za ngadji?"

Ngadji ni ngoma takatifu ya Wapokomo. Haipigwi, inasuguliwa. Kinachosuguliwa hunasa na kuteleza mara nyingi kwa sekunde, sawa na upinde juu ya uzi wa fidla, na ngozi hutetemeka. Mlio haukatiki kama wa ngoma ya kupigwa, unanguruma mfululizo. Na asiyeingizwa katika siri za wazee hakuruhusiwa kuiona, aliisikia tu. Watunzi wa televisheni walitumia mbinu hiyo hiyo: unasikia, huoni kinachotoa sauti.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maafisa wa kikoloni waliichukua ngadji, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London. Imewekwa ghalani.

Wenzangu wa kompyuta wananiambia: waombe wairekodi, tupate faili, mambo yaishe. Nilifikiri hivyo pia. Sasa nakataa. Kwanza, ngadji ilikuwa na ruhusa zake, nani aone na nani asione, kabla hatujajua nywila ni nini. Faili iliyo wazi kwa kila mtu inavunja ruhusa hizo. Pili, tukipewa faili, ngoma yenyewe itabaki kule kule, na watasema tumesharidhika.

Najua sheria ya Uingereza ya 1963 inaizuia British Museum kutoa mali zake isipokuwa kwa sababu chache. Lakini sheria hutungwa na watu na hubadilishwa na watu. Mwaka huo huo wa 1963 Kenya ilipata wimbo wa taifa, ambao tuni yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Taifa zima linasimama kwa heshima likiisikia tuni hiyo. Basi taifa hilo hilo lisimame na Wapokomo kuidai ngoma yao!

Msimamo wangu: ngoma irudi kwanza, kisha wazee waamue wenyewe kama itarekodiwa au la. Wakisema la, ni la. Gemu yangu itatoka na sauti ya maji na vyura wa Tana.

Wewe waonaje? Niandikie hapo chini.