Herufi Moja Ilitufungia Nyumba

Wasee, hii stori ni ya mwaka jana. Nilikuwa nimeacha chuo, naishi na rafiki yangu kwa bedsita. Kodi ilikuwa imechelewa. Msimamizi wa ploti akanitumia ujumbe kuuliza mwenzangu atalipa nusu yake lini. Mimi niko ndani ya matatu, nimesimama, naandika na kidole kimoja. Nikamjibu: "hatalipa ijumaa usijali".

Nilimaanisha atalipa. Yeye alisoma nilichoandika. Hiyo "usijali" ndiyo ilimuudhi zaidi, alidhani namcheka. Jioni tukapata kufuli mlangoni, kompyuta yangu ndani, taa ya kurekodi ndani, na mwenzangu ananiangalia kama mtu aliyeuzwa. Tulilala kwa binamu yake siku mbili. Ijumaa alilipa, vile alikuwa ameahidi.

Nikisimulia hii, watu husema, "Aah, si ni H tu." Ni H tu? Atakuja, pika chakula. Hatakuja, lala. Kuna siku nilikutana na tangazo la mtoto aliyepotea, chini mtu ameandika "hamepatikana". Nilisoma mara tatu. Amepatikana ama hajapatikana? Niendelee kusambaza ama niache? Mama wa huyo mtoto hakuhitaji fumbo.

Najua wengi wetu tunaimeza H tukiongea, ama tunaiweka mahali haipo, kulingana na lugha tuliyolelewa nayo. Sina shida na hiyo, matamshi ni yako. Lakini ukiongea, naona uso wako. Ukiandika, nina herufi peke yake. Ujanja ninaotumia siku hizi ni kujiweka mimi kwa hiyo sentensi. Kama ningesema "nitalipa", basi yeye ni "atalipa", bila H. Kama ningesema "sitalipa", yeye ni "hatalipa". Sekunde mbili tu.

Koma nayo ilitusumbua nyumbani. Kaka yangu Brian aliangushwa na boda, akaumia mguu. Nikaandika kwa grupu ya familia: "Baba Brian amepata ajali tuko hospitali". Nilikuwa namwambia Baba kuhusu Brian. Lakini Brian ndiye kifungua mimba, kwa hivyo ukoo mzima unamjua mzee wetu kama Baba Brian. Shangazi wakaanza kulia kwa voisi noti. Mjomba akaanza kuchangisha pesa. Mzee mwenyewe akapiga simu kutoka kazini kuuliza yeye ameumia wapi.

Halafu kuna makosa ya kukula pesa. Mteja alinipa kazi ya mabango mawili ya mashindano ya mpira mtaani. Nikaandika "yamethaminiwa na", na jina la biashara yake. Kuthamini ni kuona kitu kina thamani. Anayetoa pesa anadhamini. Mabango yalichapishwa upya, na aliyelipa ni mimi.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si wale wa kusahihisha ngeli za watu kwa komenti. Ukiandika "gari yangu imeibiwa" badala ya "gari langu limeibiwa", kwanza tutafute gari. Sheng pia si makosa, naipenda na inanilisha. Shida yangu ni tofauti. Mtu wetu akiandikia mteja kwa Kiingereza, anasoma mara tatu, anaomba rafiki aangalie, anaweka na programu ya kusahihisha. Akija kwa Kiswahili anatuma tu, eti "si wataelewa". Hii ni lugha tuliyofanya mpaka KCSE, ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na kila 7 Julai tunaijazia sifa mtandaoni. Nimeona mpaka "tunahadhimisha siku ya Kiswahili".

Na wale wa "ndiyo maana uliacha chuo", nawaona. Niliacha chuo kwa sababu ya karo. Hiyo H niliiweka nikiwa na haraka, na hata wenye digrii hupanda matatu.

Kodi siku hizi tunalipa mapema. Lakini kila mwisho wa mwezi mwenzangu bado ananitumia "hatalipa", na emoji ya kufuli.