Njia ya mwongo ni fupi

"Ninunue GPS gani ya kwenda porini?" Swali hili limejibiwa vibaya kwa muda mrefu. Fungua orodha yoyote ya vifaa kumi bora: utapewa ukubwa wa kioo, uzito kwa gramu, rangi ya kasha. Najua zinavyopikwa. Niliacha chuo, naishi kwa kuandika vibarua hapa Ruring'u, na nimewahi kuletewa oda kama hiyo: vifaa kumi, maneno elfu mbili, na hakuna hata kimoja ambacho ningekishika mkononi. Nilikataa.

Orodha hizo zinakuaminisha kwamba unanunua njia. Unachonunua ni sikio la kusikiliza satelaiti, basi. Ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu, mawimbi yake ni ya bure, hayataki bando wala mnara. Na tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyapotosha makusudi kwa watumiaji wa kiraia, hata simu ya kawaida hukuonyesha ulipo kwa tofauti ya mita chache mahali pa wazi. Kwa hiyo kwenye swali la "niko wapi", kifaa ghali na cha bei nafuu hawajaachana sana. Wanaachana kwenye ramani iliyo ndani, na huko ndiko hakuna anayeuliza.

Tazama Nyeri na Naivasha. Ziko pande mbili za milima ya Nyandarua, ile ramani nyingi huiita Aberdare. Kifaa cha gari kikiambiwa kitafute njia fupi, kinaweza kukupandisha moja kwa moja hadi ndani ya mbuga. Barabara ipo, si uongo. Lakini ina mageti ya kulipia, inapita juu ya mita 3,000, na masika yakifika, Machi hadi Mei, tope lake linameza Probox bila huruma. Kifaa hakijui kwamba jana mvua ilinyesha usiku kucha. Wahenga hawakuwa na satelaiti, ila walishasema: njia ya mwongo ni fupi.

Halafu kuna hili ambalo orodha hizo hazikuambii. Ramani za zamani za Survey of Kenya, zile za 1:50,000, zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. GPS hutumia WGS84. Chukua nambari za mahali kutoka kwenye karatasi, uziingize kwenye kifaa bila kubadilisha mfumo, na utakuwa umekosea kwa karibu mita 300. Mjini, hiyo ni kupitiliza duka. Kwenye mianzi ya Mlima Kenya, ukungu ukishashuka, hilo ni bonde jingine kabisa, na wanaokutafuta wanakuita upande ambao haupo.

Basi chagua hivi. Kwanza, ramani ikae ndani ya kifaa, yenye mistari ya miinuko, isitegemee mtandao. Pili, kikubali kubadilishwa mfumo wa vipimo. Tatu, kiwe na vitufe, kwa sababu kioo cha kugusa na vidole vilivyolowa havielewani. Nne, kitumie betri za kawaida unazoweza kununua kwa duka la Naro Moru. Baridi ya mlimani inakula chaji ya simu ukiangalia. Tano, na hili ndilo kubwa, kikuruhusu kuingiza njia uliyopewa na mwenyeji, na kutoa yako umpe mwingine.

Usiniambie teknolojia ikikua haya yataisha. Mashindano ya Rhino Charge yamekuwepo tangu 1989, na pesa zake zilijenga ua wa umeme unaozunguka msitu wetu wa Aberdare. Timu hutafuta vituo 13 kwa saa 10, na anayevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Magari yao na vifaa vyao, mimi na wewe tutaviona kwa picha tu. Hata hivyo mbele ya gari utamkuta mtu anakimbia kwa miguu, anakagua mawe na makorongo. Wamejua kwamba mshale kwenye kioo hauoni shimo.

Na sisi wa Ruring'u tungepaswa kujua zaidi ya wote. Desemba 1963 wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni wakakusanyika hapa uwanjani kwetu. Mkoloni ndiye aliyekuwa na ramani na ndege. Wao walikuwa na watu wanaoujua msitu. Sisemi uende porini bila kifaa. Nasema njia inajulikana na wanaoipita kila siku, na OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuichora, imetupa pa kuandika wanachojua. Kazi hiyo tusipoifanya wenyewe, tutaendelea kununua kwa bei ghali ramani za vijiji vyetu ambazo hazivijui.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha kioo kikubwa, muulize: ramani hii ilichorwa na nani, na ninaweza kuisahihisha? Akibabaika, rudisha pesa mfukoni. Mwendesha boda wa Ihururu atakuelekeza vizuri zaidi, na atakwambia pia kama daraja bado lipo.