Jembe la Banda la Kuku



Koplo mmoja ameniletea barua fupi yenye swali zito. Katika ukurasa huu nilipata kuwasifu wananchi wanaojiunga pamoja ili kuhifadhi historia ya wilaya zao, naye anauliza: juhudi hizo zamfaa nini askari ahamishwaye kila baada ya miaka miwili au mitatu, ambaye watoto wake watatu wamezaliwa katika kambi tatu mbalimbali, na ambaye hata nyumba anamolala si yake? Mambo ya kale, asema, ni ya wazee wenye mashamba.

Swali lake ni la haki, wala sitalijibu kwa kumkemea. Nataka kwanza nimpeleke nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Padhola, upande wa Tororo. Mume wangu ni Msamia, na kwao ni ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Busia nchini Kenya. Ndoa za namna hii si ajabu kwetu. Miji ni miwili, jina ni moja, na mtu wa Busia aweza kula chakula cha mchana kwa dada yake katika nchi moja, akarudi kulala katika nchi nyingine. Tangu mwaka 2018, kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na safari ya kumwamkia mkwe imekuwa nyepesi zaidi.

Basi siku za Krismasi tulikwenda kumwamkia mama. Asubuhi nikaenda kuwafungulia kuku. Mlango wa banda haukuwa na komeo. Ulikuwa umezuiwa kwa kipande cha chuma kizito, chenye umbo la jani pana na mkia mfupi uliochongoka. Nilikisukuma kwa mguu. Mama, aliyekuwa akipepeta wimbi barazani, akasema kwa sauti ya upole ambayo si kawaida yake, "Mwanangu, hilo usilipige teke. Hilo ndilo lililomleta bibi hapa."

Lilikuwa jembe. Vilima vya Samia vina mawe yenye chuma, na kabla ya majembe ya viwandani kuenea, mafundi wa Kisamia waliyayeyusha mawe hayo kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Kazi yao ilijulikana mbali. Majembe yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka, tena yalilipwa mahari. Mama alinieleza ni majembe mangapi yaliyolipwa kwa ajili ya bibi huyo, ambaye ni nyanya wa baba mkwe wangu marehemu, nani aliyapokea, nani aliyalalamikia kuwa ni mepesi, na kwa nini hili moja lilirudi pamoja na bibi harusi. Nilimsikiliza saa nzima, na wimbi likabaki katika ungo. Mume wangu, aliyezaliwa katika boma hilo na ambaye utotoni aliufungua mlango huo kila siku, alikuwa hajapata kuyasikia hata kidogo. Alipomwuliza mama mbona hakutuambia siku zote hizo, mama alimtazama kwa mshangao. Hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo nilipofahamu ya kuwa chama cha historia huanzia penye swali. Jengo na katibu na muhuri huja baadaye, na pengine havina haja ya kuja kabisa.

Kwetu mpakani swali hilo lina uzito wake wa pekee. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilikata Jimbo la Mashariki la Uganda, lililokuwa likifika hadi Naivasha, wakalitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, nchi ambayo tangu 1920 iliitwa Kenya. Mstari huo, pamoja na marekebisho yaliyofuata, uliwagawa Wasamia na Waiteso katika serikali mbili. Tangu hapo karatasi zao nazo zikagawanyika. Anayetaka kujua habari za ukoo mmoja hana budi kubisha milango ya nchi mbili, huku shangazi anayezijua habari zote amekaa hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha barabara akiuza nyanya.

Sisi Wapadhola tunasimulia ya kwamba Adhola na Owiny walikuwa ndugu waliosafiri pamoja; Adhola akabaki huku, na Owiny akaendelea hadi Nyanza. Neno lenyewe, adhola, maana yake ni jeraha, na wazee husema aliachwa nyuma kwa sababu ya jeraha. Huenda ndivyo, huenda sivyo. Lakini mtu wa kwenda kuyachunguza masimulizi ya namna hii kwa bidii alitoka upande ule ule wa Owiny. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem nchini Kenya, alikuja Padhola akaketi na wazee wetu, akawauliza ukoo kwa ukoo, na mwaka 1967 kitabu chake juu ya Waluo wa Kusini kikatoka. Nyakati hizo wasomi wengi walidharau maneno ya mdomo, wakidai kwamba pasipo maandishi hapana historia. Profesa Ogot, aliyefariki dunia mwaka 2025, aliwathibitishia kinyume.

Hata hivyo, kabla yake alikuwapo mwingine, na ningependa koplo wangu amfikirie huyu hasa. Alikuwa mtumishi wa serikali, jina lake A.C.K. Oboth Ofumbi, wa Nyamalogo katika Tororo. Mwishoni mwa enzi ya Waingereza aliandika kitabu juu ya historia na desturi za Wapadhola, kikachapishwa Nairobi. Hakuwa mwanahistoria wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa mafaili kama mimi, aliyeona kwamba mambo ya kwao yatapotea endapo hayataandikwa. Baadaye alipanda cheo, akawa waziri katika serikali ya Idi Amin, na wizara ya ulinzi pia ilipata kuwa chini ya mkono wake. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Erinayo Oryema, ambaye polisi wanamkumbuka kwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi la Uganda. Serikali ya wakati ule ilitangaza kuwa ni ajali ya gari.

Kila mwaka tarehe hiyo ni sikukuu katika Uganda, kwa heshima ya Askofu Mkuu. Maofisi hufungwa, nasi hupumzika. Lakini waulize vijana wa Tororo, watakwambia habari za kifo cha waziri huyo kabla hawajakwambia kwamba aliandika kitabu. Na wengi kitabu hawajapata kukishika mkononi. Watu wanaweza kubishana juu ya serikali aliyoitumikia, na wana haki hiyo. Mimi nasema tu kwamba wazee aliowauliza wamekwisha kufa wote, na kama asingewauliza, ningekuwa na maneno machache zaidi ya kumwambia binti yangu.

Naona nimekwenda mbali na jiko, na ukurasa huu ni wa nyumbani. Turudi jikoni basi, kwa njia ya Kakapel.

Kakapel ni mwamba mkubwa katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, kaunti hiyo hiyo ya Busia, karibu kabisa na mpaka wetu. Chini ya kivuli chake kuna michoro iliyowekwa tabaka juu ya tabaka: maumbo ya mistari na mizunguko ya watu wa kale, kisha ng'ombe waliochorwa na wafugaji waliokuja nyuma yao. Leo ni mahali panapolindwa na sheria ya Kenya. Lakini zamani watu walipanda pale wakakwangua majina yao juu ya michoro, ikabidi wataalamu waje kuyafuta kwa subira kubwa. Shirika la TARA la Nairobi, linaloshughulikia sanaa za miambani, lilisaidia kuutengeneza mwamba huo, likishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenyeji. Askari wenzangu wa serikali, nawajua mnavyopenda kuandika majina na namba zenu ukutani mnapopita mahali. Pale msiandike.

Wataalamu walipochimba chini ya mwamba huo waliuosha udongo kwa maji ili chembe nyepesi zilizoungua zielee. Punje mbichi huoza. Iliyogeuka makaa ndiyo hudumu. Katika taarifa yao ya Julai 2024 walieleza kwamba watu walikaa pale, kwa vipindi, kwa muda wa miaka 9,000 hivi, na kwamba wamepata punje ya kunde yenye umri wa miaka 2,300, ambayo ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya mazao ya shamba yaliyopata kuonekana Afrika Mashariki. Walipata pia wimbi na mtama, vya zama za karibu zaidi.

Nimeifikiria punje hiyo mara nyingi. Kunde tunazozila leo pande zote mbili za mpaka zilikwisha kufika hapa wakati huo, nasi tunazijua kwa sababu mpishi mmoja aliziunguza, au alizimwaga jivuni akiwa na haraka. Bila shaka alilaumiwa jioni ile.

Sasa namrudia koplo. Bwana Koplo, mwenye shamba la babu yake hana haja kubwa ya kuandika. Akitaka kukumbuka, huutazama mti, huutazama mkunjo wa kijito, na jirani humkumbusha kilichosalia. Watoto wako hawana mti wala kijito. Wana kambi, na kambi wataihama. Wanachoweza kuchukua ni kile kitakachoingia katika sanduku la bati pamoja na sare zako. Kwa hiyo utakapopata likizo, nenda na daftari. Usimwambie mzee akusimulie historia, maana atanyoosha mgongo na kuanza hotuba kama aliyoisikia redioni. Mwulize kitu kimoja kinachoshikika. Hiki kigoda kilichongwa na nani? Mahari ya bibi ilikuwa nini? Mlipokunywa pombe ya wimbi kwa mirija, nani aliruhusiwa kuketi wapi? Andika majina yote ayatajayo hata kama huyajui, na mwishoni andika jina lake na tarehe.

Na akina mama wa kambini, ninyi mnaosafisha nyumba na kutupa takataka, nawasihi mtazame kabla ya kutupa. Barua ya babu kutoka vitani, kitambulisho cha kazi, cheti cha ubatizo, hati ya kustaafu, picha ya harusi: hizi ndizo nyaraka za wilaya. Nilipokuwa mwalimu kijana nilinunua karanga sokoni, nikakuta zimefungwa katika ukurasa wa kumbukumbu za baraza fulani la zamani, zenye majina ya washitaki na washitakiwa. Nilirudi kwa muuzaji kutafuta kurasa nyingine. Alikuwa amebakiza tatu. Ofisi ilikotoka karatasi ile sitaitaja. Inatosha kusema kwamba walihitaji nafasi katika kabati.

Sanduku msiliweke sakafuni, mchwa hawana heshima; liinueni juu ya matofali, mbali na ukuta wenye unyevu. Ondoeni pini na vibanio vya chuma, kwa kuwa vikipata kutu hula karatasi. Msifunge picha katika mfuko wa plastiki wakati wa mvua, kwa maana unyevu ukiingia humo hautoki, na picha hushikamana. Nyuma ya kila picha andikeni majina kwa kalamu ya risasi, kwa wepesi. Wino huvuja hadi upande wa pili. Kama picha imebandikwa ukutani kwa gundi, msiivute, ipigeni picha kwa simu pale pale ilipo.

Baada ya hapo, mkiwa watu watano au sita wenye madaftari, mnaweza kukutana mara moja kwa mwezi chini ya mwembe na kusomeana. Katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria, Wasuba walianzisha makumbusho yao wenyewe mwaka 2000, nao huitunza michoro ya miambani ya kisiwa chao. Sisi hapa Tororo tunayo taasisi ya Tieng Adhola ya kusimamia mila, lakini taasisi haiwezi kuingia katika kila banda la kuku.

Ama lile jembe, nilimwomba mama aniruhusu niende nalo shuleni kwa binti yangu, wanafunzi walione, kisha nilirudishe. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akauliza: likiondoka, nani atauzuia mlango, na vicheche walivyo wengi mwaka huu?

Nimekwisha kununua komeo katika soko la Busia. Tutavuka nalo siku ya Jumamosi, pamoja na daftari jipya, kwa kuwa mama amedokeza kwamba kuna habari pia za jiwe la kusagia.