Muziki wa Simu na Macho ya Dereva

Gari lililotumika Japani na kuletwa Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi hufika na redio isiyoyajua masafa ya huku. Kwa miaka mingi idhaa za FM za Japani zilitengewa megahezi 76 hadi 90, ilhali katika Afrika Mashariki idhaa hizo hutangaza kati ya megahezi 87.5 na 108. Sehemu ambamo masafa hayo hukutana ni nyembamba mno, na mwenye gari huambulia idhaa mbili tatu, pengine asipate hata moja. Mafundi hupachika kifaa kidogo cha kuhamisha masafa kati ya antena na redio. Kifaa hicho husaidia, ingawa huweza kuongeza mikwaruzo. Si ajabu, basi, kwamba simu ilikaribishwa garini kwa mikono miwili: kwanza kwa waya, kisha kwa Bluetooth, na sasa kwa kioo kikubwa cha kugusa kilichowekwa katikati ya dashibodi.

Kwa upande wa sauti, hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini sifa za kioo hicho huandamana na dai moja ambalo halina budi kupimwa, nalo ni kwamba kwa kuwa simu haishikwi tena mkononi, hatari ya simu garini imekwisha. Dai hilo si sahihi, na kasoro yake huonekana mara tu inapoeleweka kazi inayofanywa na kioo chenyewe.

Wengi hudhani kwamba gari ndilo linalopiga muziki. Sivyo. Wimbo huhifadhiwa katika seva iliyo mbali, pengine ng'ambo ya bahari. Hutumwa vipande vipande hadi kwenye mnara wa simu, na kutoka hapo hadi kwenye simu iliyo garini. Simu ndiyo inayovipokea vipande hivyo na kuviunganisha. Katika mifumo ya CarPlay ya kampuni ya Apple na Android Auto ya kampuni ya Google, iliyotangazwa mwaka 2014, hata picha inayoonekana kwenye dashibodi huchorwa na simu, ikapelekwa kwa waya au kwa Wi-Fi. Dereva anapogusa kioo, habari ya mguso hurudi kwenye simu, na simu ndiyo inayotenda. Kwa hiyo kioo cha dashibodi ni simu ileile iliyokuzwa na kuhamishwa mahali. Kilichobadilika ni mkono, ambao haushiki tena kitu. Macho na akili vimebaki na kazi ileile ya zamani.

Njia ya Bluetooth peke yake ni nyepesi zaidi, na yastahili kutajwa kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia. Simu huibana sauti upya na kuirusha kwa mawimbi ya kiasi cha megahezi 2,400. Masafa hayo yana vyombo vingi vinavyogombania nafasi, hata majiko ya mikrowevu. Kwa sababu hiyo Bluetooth ya kawaida huruka kati ya njia 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde moja, ili mikwaruzo ya njia moja isiharibu wimbo mzima. Pamoja na sauti husafiri jina la wimbo, na kutoka garini hurudi amri chache tu: piga, simama, endelea mbele, rudi nyuma. Uchache huo wa amri, ambao wauzaji huuona kuwa umaskini, ni faida kubwa.

Redio ya zamani na mkanda wa kaseti vilitawaliwa kwa kupapasa. Kidole kilikijua kitufe cha kuzungusha bila msaada wa jicho. Kioo laini hakipapasiki. Ili kuigusa alama iliyochorwa juu yake ni lazima kwanza itazamwe. Tena orodha ya nyimbo za mtandaoni haina mwisho, na kitu kisicho na mwisho humwalika mtu aendelee kutafuta.

Jambo la tatu ni la barabara za nje ya miji. Simu huweka akiba ya muziki ya muda mfupi, lakini minara inapokuwa mbali akiba hiyo huisha na wimbo hukatika. Hapo dereva hutupa jicho kwenye kioo kujua kilichotokea, na akikuta alama ya kusubiri inazunguka, huitazama tena na tena. Hesabu inaonyesha kwamba taabu hiyo haina ulazima. Muziki unaotiririshwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde hutumia kilobaiti 20 kwa sekunde, yaani megabaiti 72 kwa saa. Nyimbo za safari ya saa 4 ni megabaiti 288 tu, ambazo simu ya kawaida inaweza kuzipakua usiku wa kuamkia safari na kuzihifadhi. Asiyefanya hivyo huutegemea mnara kila kilomita, na huyamaliza macho yake pamoja na kifurushi cha data.

Hatari hiyo imepimwa. Taasisi ya utafiti wa usafiri ya Uingereza, TRL, iliwapima madereva katika kifaa cha kuigiza udereva kwa ajili ya chama cha IAM RoadSmart, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Muda wa dereva kuitikia jambo la ghafla uliongezeka kwa asilimia 53 alipogusa kioo cha Android Auto, na asilimia 57 alipogusa kile cha CarPlay. Katika vipimo vya awali vya taasisi hiyo, kuzungumza na simu iliyoshikwa mkononi kuliongeza asilimia 46. Kitu kilichosifiwa kuwa tiba kimepita ugonjwa!

Mwalimu anaweza kuigeuza habari hiyo kuwa zoezi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde. Ikiwa dereva makini huitikia kwa sekunde 1, yule anayegusa kioo, muda wake ukiongezeka kwa asilimia 57, atapita mita 22 kabla mguu haujakanyaga breki. Tofauti ni mita 8, nayo yazidi upana wa lami ya njia mbili ambayo mtoto wa shule huvuka.

Wanaotetea vioo husema kwamba amri za sauti zimeondoa tatizo. Zimelipunguza tu: katika utafiti uleule, kutumia sauti kuliongeza muda kwa asilimia 30 na 36. Ni bora kuliko kugusa, lakini akili inayobishana na mashine juu ya jina la mwimbaji haiko barabarani. Abiria wa mbele hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, wala hahitaji mtandao.

Huko Ulaya shirika la kupima usalama wa magari, Euro NCAP, katika kanuni zake za mwaka 2026 linalipa alama gari lenye vitufe halisi vya kazi za lazima kama vile taa za ishara, honi na vifuta kioo. Ni hatua njema, ila kitufe cha sauti kilistahili kuwamo, maana huguswa mara nyingi kuliko honi. Walau katika nchi ambako honi si salamu.

Mabadiliko hayo yatachelewa kufika. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yenye umri usiozidi miaka 8, hivyo dashibodi zinazochorwa leo zitaonekana kwa wingi huku baada ya miaka kadhaa. Wakati huohuo mwenye gari kuukuu humwendea fundi wa Nairobi au Dar es Salaam, akang'olewa redio yenye maandishi ya Kijapani na kuwekewa kioo kipana kinachomeremeta, mara nyingi kisicho na hata kitufe kimoja cha kuzungusha. Dukani huwa vipo pia vyenye kitufe hicho, vioo vyake vikiwa vidogo kidogo. Mnunuzi huvipita kwa sababu havipendezi sana.