Ufundishaji Vyuoni Nao Utengewe Fungu

Mkulima na mfanyakazi wanapolipa kodi ili vijana wa nchi hii wasome Chuo Kikuu, wanatazamia jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba vijana hao watafundishwa. Utafiti ni kazi ya lazima ya Chuo Kikuu, na hatuna nia ya kuubeza. Lakini yafaa tuulizane kwa uwazi: katika vyuo vyetu, ni nani anayetuzwa kwa kufundisha vizuri?

Mwaka 2022 Serikali ilitangaza tuzo ya shilingi milioni 50 kwa watafiti ambao makala zao zimechapishwa katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu. Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimekuwa kikitenga fedha zake cha ndani ili wanataaluma washindanie miradi ya utafiti. Hata kupanda cheo kwa mhadhiri hutegemea sana maandishi aliyoyachapisha. Basi mhadhiri kijana mwenye darasa la mamia ya wanafunzi afanye nini? Akitumia likizo yake kuandika upya mihadhara iliyochakaa, hakuna anayemwona. Akiitumia kuandika makala, jina lake linasomwa kwenye kikao. Tusimlaumu, utaratibu wenyewe ndio uliomwelekeza huko.

Dawa yake si ghali. Kila chuo kitenge fungu dogo la ndani kwa ajili ya miradi ya walimu ya kuboresha ufundishaji. Mwalimu aandike ombi fupi, aeleze somo lake lina kasoro gani, anakusudia kufanya nini kwa mwaka mmoja, na atajuaje kwamba wanafunzi wamefaidika. Mmoja atatunga kijitabu cha majaribio ya maabara yanayofanyika kwa vifaa vilivyopo nchini. Mwingine atakusanya hesabu halisi za chama cha ushirika ili wanafunzi wa uhasibu wajifunze kwazo badala ya kukariri mifano ya makampuni ya Ulaya. Wa tatu ataandaa orodha ya istilahi kwa Kiswahili, maana wako wanafunzi wengi wanaoshindwa na Kiingereza cha mhadhara na si somo lenyewe.

Wala jambo hili si geni kwetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu, lilikuwa na shabaha ya kuyakutanisha masomo na maisha. Utaratibu ule umekwisha, shabaha haijaisha. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, wakatunga maonyesho pamoja na wanakijiji juu ya matatizo ya hapo hapo kijijini. Katika Afrika Kusini, Serikali ilikuwa na ruzuku mahsusi ya kuendeleza ufundishaji vyuoni, na tangu 2018 kazi hiyo imo katika ruzuku moja ya kujenga uwezo wa vyuo.

Watakuwapo watakaosema kwamba tayari upo mradi wa HEET, uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021. Ni kweli, na kazi yake ya kujenga majengo, kupitia upya mitaala na kusomesha wahadhiri ni kubwa. Lakini mkopo una tarehe ya mwisho, tena hulipwa. Darasa halina tarehe ya mwisho.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Fungu hili lisigeuzwe kuwa posho za vikao, wala semina za hotelini ambazo matunda yake ni mikoba na vyeti. Anayepewa fedha awaonyeshe wenzake alichokifanya, na wanafunzi waulizwe. Aliyejaribu kwa uaminifu akashindwa asiadhibiwe. Aliyekula fedha achukuliwe hatua.

Mabaraza ya vyuo yatakapoketi kupitisha makadirio ya mwaka ujao, tunayataka yaweke kifungu hicho, hata kama kwa kuanzia kitatosha miradi kumi tu kwa chuo kizima, na kamati za kupandisha vyeo ziagizwe kuipa kazi hiyo uzito ule ule unaopewa makala.