Kioo cha Ndege na Gilasi ya Chai

Baridi ya Julai hapa Nakuru haina mzaha. Mawingu huinama hadi karibu na ziwa, watoto huenda shule wakiwa wamejikunyata, na mtaani Rhonda majiko ya makaa huwaka milangoni tangu alfajiri. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa mgeni wa mama mmoja wa mtaa huo. Bintiye alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja huko Marekani, na masomo yalikuwa yaanze Januari, wakati ambapo theluji huwa imetanda kila mahali.

Mama alichukua gilasi nene iliyokuwa imelala dirishani usiku kucha, akaimiminia chai iliyotoka jikoni ikitokota. Paa! Gilasi ikapasuka vipande viwili, chai ikatiririka mezani. Mama akaduwaa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hii si ndege mbaya?"

Katika lugha yetu ndege ni mambo matatu: kiumbe mwenye mabawa, chombo cha angani, na dalili ya heri au ya shari. Mama alikuwa ameyaunganisha mawili ya mwisho. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba huko ng'ambo, baridi ikizidi, vioo vya ndege hupasuka rubani akiwa angani. Sasa gilasi yake ilikuwa imepasuka siku ile ile ya kuzungumzia safari. Alikuwa karibu kumwambia binti aahirishe. Na kuahirisha, baada ya jamaa kuchanga nauli kwa miezi mingi, kungekuwa kuitupa nafasi yenyewe.

Basi tukaanza na gilasi. Kitu kikipata joto hutanuka, kikipoa husinyaa. Kioo nacho ni mvivu wa kupitisha joto. Chai ilipoingia, upande wa ndani ulitanuka papo hapo, lakini upande wa nje ulikuwa bado na baridi ya usiku. Ndani kunasukuma, nje kunakataa. Penye mkwaruzo mdogo usioonekana kwa macho, hapo ndipo ufa ulipoanzia. Ndiyo maana gilasi nene hupasuka upesi kuliko nyembamba: pande zake mbili huchelewa kupatana.

Nikamwambia mama: "Baridi imelala na gilasi hii usiku kucha na haikuivunja. Iliyoivunja ni tofauti ya ghafla kati ya upande mmoja na mwingine."

Tukapanda sasa kwenye ndege. Kwanza msomaji ajue kwamba baridi kali haiko Marekani peke yake. Iko juu ya Rhonda hivi sasa, hata jua likiwaka. Ndege kubwa ya abiria hupaa kiasi cha kilomita 11 kutoka usawa wa bahari, na huko juu baridi huwa nyuzi 40 hadi 60 chini ya sufuri, iwe juu ya Nakuru au juu ya New York. Kila ndege ndefu inayoondoka Nairobi hukutana na baridi hiyo muda mfupi baada ya kupaa. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na safari hizo huvuka baridi ya juu Julai kama Januari.

Kioo cha mbele cha rubani kimetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Si kioo kimoja bali ni tabaka kadhaa zilizogandamanishwa, na katikati yake mna utando wa plastiki unaonyumbuka. Tabaka la nje mara nyingi huwa jembamba, nayo ya ndani huwa manene, kwa kuwa ndiyo yenye kubeba mzigo. Na mzigo si mdogo. Hewa iliyomo ndani ya ndege husindikwa ili abiria wapumue kana kwamba wako mahali penye mwinuko kama wa Molo, ilhali nje hewa ni nyepesi mno. Tofauti hiyo husukuma kioo kutoka ndani kwa nguvu inayoweza kuzidi tani 5 kwa kila meta mraba.

Katika tabaka hizo mna pia utando mwembamba sana unaopitisha umeme ili kukipasha kioo joto. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni kuzuia barafu na ukungu ili rubani aone. Ya pili ni kuilinda ile plastiki ya katikati isikakamae kwa baridi. Ikiwa laini, hunyonya kishindo cha ndege mwenye manyoya anapogonga kioo. Sheria za Marekani hudai kwamba kioo cha ndege kubwa kistahimili kugongwa na ndege wa kilo 1.8 wakati chombo kiko katika mwendo wake wa safari.

Hapa ndipo mkasa unapoweza kuanza. Nje kuna baridi ya kugandisha, ndani ya kioo kuna umeme unaopasha joto. Mambo yakiwa sawa, joto husambaa pole pole na kila upande hutulia. Lakini mpira wa kuziba pembeni ukichakaa, unyevu hupenya taratibu, safari baada ya safari. Unyevu ukifika penye waya, cheche huanza. Mahali padogo huwaka moto sana huku pembezoni pakiwa baridi. Hiyo ndiyo chai moto katika gilasi baridi.

Ndivyo ilivyotokea China tarehe 14 Mei 2018. Ndege ya Sichuan Airlines aina ya Airbus A319 ilikuwa ikielekea Lhasa kutoka Chongqing wakati kioo cha mbele cha kulia kilipopasuka, kisha kikang'oka kabisa. Rubani msaidizi alivutwa nusu nje, akaokolewa na mkanda wake. Rubani mkuu aliiteremsha ndege katika upepo na baridi kali, akatua Chengdu, na wote 128 waliokuwamo wakawa hai. Wachunguzi waligundua kwamba unyevu ulikuwa umeingia pembeni mwa kioo, ukazua cheche, na joto lake likapasua tabaka zilizobeba mzigo. Huo ulikuwa mwezi wa Mei, si msimu wa theluji.

Mama akanikatiza: "Lakini hayo ya Marekani, ya wakati wa baridi, ni uongo?"

La, si uongo. Tarehe 16 Februari 2007, katika jimbo la Colorado, vioo vya ndege zaidi ya 10 vilipasuka katika muda wa saa chache, nyingi zikiwa katika uwanja wa Denver. Kulikuwa na baridi kali na upepo mwingi. Watu wengi waliilaumu baridi mara moja, kwani ndiyo iliyokuwa ikiwauma wote. Wachunguzi wa serikali walipovichunguza vioo hivyo kwa darubini ya vitu vidogo, waliona vishimo vidogo vidogo juu ya tabaka la nje. Upepo ulikuwa umerusha punje za changarawe na mchanga zikakigonga kioo, na ufa ukaanzia hapo.

Mkaaji wa Nakuru haelezwi mara mbili jambo hilo. Hata jina la mji wetu husemwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Upepo wa Januari na Februari ukivuma, nguo zilizoanikwa Rhonda hurudi na rangi nyingine. Na dereva wa matatu anajua kwamba kijiwe kimoja kilichorushwa na lori leo huacha kidoa kidogo, halafu ufa hutokea asubuhi moja yenye baridi, naye akadhani baridi ndiyo yenye makosa.

Hata hivyo, ufa katika kioo cha ndege si mwisho wa safari. Mara nyingi huwa ni tabaka moja lililopasuka, na zilizobaki hushika. Rubani hufuata kitabu chake cha maagizo: huzima umeme wa kioo kile, huenda akashuka chini zaidi ili msukumo upungue, na ikibidi hutua uwanja wa karibu. Abiria hukasirika kwa kucheleweshwa, lakini hufika. Na kidirisha kile kilicho kando ya abiria si kioo, bali ni plastiki ngumu ya tabaka zaidi ya moja.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaweka moyoni: "Kwa hivyo wa kuombewa si baridi, ni fundi anayekagua ule mpira wa pembeni."

Sikuwa na la kuongeza. Wengi wetu, jambo likiharibika, hukimbilia kulaumu kile kinachotuuma wakati huo. Mtoto akianguka mtihani, tunalaumu karatasi ya mwisho, ilhali unyevu ulianza kupenya muhula wa kwanza. Nyumba ikivunjika, tunalaumu ugomvi wa jana. Ufa huonekana siku ya baridi, lakini huenda kijiwe kilirushwa zamani.

Mama alifagia vigae, akaleta gilasi nyingine. Safari hii aliisuuza kwanza kwa maji ya vuguvugu, akaikausha, ndipo akamimina chai. Gilasi ikakaa kimya. Binti alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mama akamgeukia, akamwambia: "Kanywe chai, kisha uangalie kama sweta zako zitatosha. Huko kuna theluji."

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.